Riwaya za mapenzi na wanyonya damu: tumezisoma, na haya ndiyo tuliyoyaona



 Mwezi uliopita mama mmoja alipanda gari la alfajiri kutoka Koboko, akashuka Arua, akaja moja kwa moja mpaka mahali tunapokutania baada ya swala ya Adhuhuri. Mkononi alikuwa na kavera jeusi lililofungwa mafundo mawili. Alilifungua, akatoa kitabu kinene kilichovikwa karatasi ya gazeti kama tulivyokuwa tukivika madaftari yetu zamani, akakiweka juu ya mkeka kwa ncha za vidole. Kisha akasema: "Nisomeeni hiki. Mnieleze kama binti yangu ameingiwa na kitu."

Mama huyu anasoma Kurani vizuri sana, na Kiswahili anakisoma polepole. Kiingereza hakukipata.

Habari yenyewe ni hii. Binti yake yuko S.3 katika shule ya bweni. Usiku mmoja matroni alifanya msako, akakikuta kitabu hicho chini ya godoro pamoja na daftari. Katika daftari binti alikuwa ameandika muhtasari wa kitabu sura kwa sura, kwa sababu alikuwa akiwahadithia wenzake baada ya taa kuzimwa, nao wakimlipa kikombe cha sukari kwa kila sura tatu. (Hapa tukiri kwamba baadhi yetu tulicheka. Mama hakucheka.) Basi aliyefungua kitabu akaona kinazungumzia watu wanaokunywa damu, na wiki ile ile msichana mmoja wa bweni hilo alikuwa ameanguka na kupiga mayowe usiku. Mambo mawili yakaunganishwa yakawa moja. Binti akarudishwa nyumbani kwa wiki mbili. Baba yake akasema ada yake haitoki tena, na kama msichana anataka mapenzi basi mapenzi yatatafutiwa njia ya halali. Jamaa mmoja mwenye duka karibu na mpaka amekwisha kutajwa.

Binti ana miaka 16.

Tulimwambia mama kwamba hatuwezi kusema neno juu ya kitabu ambacho hatujakisoma. Akatuachia, akarudi Koboko kabla ya Magharibi.

Kitabu kinaitwa Twilight. Mwandishi wake ni Mmarekani, Stephenie Meyer, na kilitoka mwaka 2005, mwaka ule ule Koboko ilipokuwa wilaya, kwa hiyo kitabu na wilaya ni marika. Vikafuata vingine vitatu, kimoja kila mwaka mpaka 2008, na mwaka huo huo wa 2008 filamu ya kwanza ikatoka. Vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 100 duniani. Hapa kwetu vinapatikana kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini, na zaidi ya hapo vinapita kutoka simu hadi simu bila mtu kulipa hata shilingi. Tuligawana kazi: mwalimu wa sekondari, ustadh mmoja, akina mama wawili, na dada mmoja mwanafunzi wa IUIU tawi la hapa Arua, ambaye alitushangaa sana kwa sababu yeye alivimaliza vyote vinne akiwa S.2, chini ya shuka, kwa mwanga wa simu.

Kwa ufupi, msichana wa miaka 17 jina lake Bella anahamia mji mdogo wenye mvua nyingi kuishi na baba yake. Shuleni anampenda kijana mzuri mno, Edward, ambaye kumbe ni mnyonya damu. Alikufa kifo cha nusu mwaka 1918 huko Chicago wakati wa homa kubwa, na tangu hapo amebaki na umbo la miaka 17. Yeye na jamaa zake wameapa kutokunywa damu ya watu, wanawinda wanyama. Hadithi nzima ni mtu anayempenda mwenzake na wakati huo huo anatamani kumla.

Ustadh wetu alianza kusoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Alitarajia uchafu. Alipofika kitabu cha tatu alitupigia simu usiku kutuambia jambo ambalo hakulitegemea: huyu kijana anakataa kumgusa msichana kabla ya ndoa. Msichana ndiye anayemshawishi, na kijana ndiye anayeshikilia kwamba wafunge ndoa kwanza. Ndivyo ilivyo, na ndoa inafungwa katika kitabu cha nne. Sasa fikiria mzazi aliyemwambia bintiye kwamba kitabu kimejaa zinaa. Binti anajua kwamba baba hakusoma. Hatambishia, maana ana adabu, lakini kuanzia siku hiyo kila atakachosema baba juu ya vitabu kitaingia sikio hili na kutokea lile.

Ama hao wanyonya damu. Sisi Waislamu tunaamini ghaibu. Majini wana sura yao katika Msahafu, ya 72, na mtoto wa madrasa anaijua. Habuba zetu walitulaza kwa hadithi za Kinubi ambazo ndani yake watu waligeuka fisi na majini walioa binadamu, na hatukuwahi kusikia mtu akisema habuba ameleta shetani nyumbani. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952, na humo mna ndugu wawili waliogeuzwa manyani, binti wa mfalme wa majini, mji ambao watu wake wamekuwa mawe, na msichana mmoja aliyesalia humo ambaye Adili anampenda. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimekisoma kitabu hicho darasani. Mwandishi wa leo angekipeleka sokoni kama riwaya ya mapenzi na viumbe vya ajabu, na binti yetu wa Koboko angekilipia vikombe vingi vya sukari.

Na mnyonya damu mwenyewe si mgeni kwetu. Wazee wanakumbuka hofu ya mumiani, na Kampala waliogopa bazimamoto, watu wa gari la zimamoto waliosemwa kwamba wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo kutoka Uganda, Kenya na kwingineko, akazitolea kitabu mwaka 2000. Ukizisikiliza unaona watu walikuwa wakiongelea kitu wanachokijua: mwenye nguvu, mwenye gari na sare, anayechukua cha mwili wako bila kukuuliza.

Kwa hiyo jibu la kwanza tulilomtumia mama lilikuwa hili: karatasi haina jini. Msichana yule mwingine aliyeanguka bwenini asomewe, ndiyo, na apelekwe hospitali, na aketishwe na mtu mzima mwanamke anayemwamini, aulizwe taratibu kuna nini. Tumekwisha kuona wasichana wanaoanguka, na mara nyingi kuna jambo: njaa, mitihani, msiba nyumbani, au mtu fulani.

Lakini hapo hatukumaliza, na tukiishia hapo tutakuwa tumewadanganya wasomaji. Akina mama wawili wa kundi letu walirudi na jambo ambalo sisi wanaume tulikuwa tumelipita bila kuliona.

Huyu Edward huingia chumbani kwa Bella usiku, usiku mwingi, akamtazama akiwa amelala, kabla msichana hajajua. Humfuata akiwa safarini ili "amlinde". Katika kitabu cha tatu hataki Bella aende kumtembelea rafiki yake Jacob. Basi anatoa kifaa kwenye injini ya gari lake lisiwake, na siku nyingine anamhonga dada yake mwenyewe kwa zawadi ili amshikilie Bella nyumbani. Katika kitabu cha pili anapomwacha, msichana anakaa miezi kama maiti, halafu anaanza kujitia hatarini kwa makusudi, mpaka anaruka kutoka genge la bahari, kwa sababu kwenye hatari anaisikia sauti ya yule kijana kichwani. Na cha nne: anaolewa mara tu baada ya kumaliza sekondari, masomo ya juu yanaachwa, anapata mimba katika fungate, na mimba hiyo inakaribia kumuua.

Hajati mmoja kati ya hao mama wawili, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mkunga, alifunga kitabu akasema: "Hii hadithi ninaijua. Nimeizalisha."

Mambo hayo yote yameandikwa kwa lugha tamu. Msomaji wa miaka 15 hakuambiwa kwamba mtu anayeharibu gari lako usitoke ni mtu wa kuogopwa. Ameambiwa ni mtu anayekupenda kuliko uhai wake. Dada yetu wa IUIU alikiri mbele yetu, na tunamshukuru kwa ukweli wake, kwamba alipokuwa S.2 alitamani kulindwa hivyo hivyo. Mwaka uliofuata akampata kijana wa bodaboda aliyemsubiri nje ya geti kila siku, akimuuliza umeongea na nani, akichukua simu yake kusoma ujumbe. "Wenzangu waliniambia nina bahati," alisema. "Na mimi niliamini nina bahati." Ilimchukua mwaka mzima kujitoa, na alijitoa kwa kuhamishwa shule.

Hapo ndipo tatizo letu lilipo na riwaya hizi. Wakati baba na matroni wanatafuta pepo kwenye kurasa, funzo la kwamba wivu ni mapenzi linapita mlangoni bila kupekuliwa. Na tuseme kweli, funzo hilo halikutoka Marekani peke yake. Mnaokwenda kwenye doluka mnajua jinsi wanawake wetu wanavyoimba mapenzi hadharani, kwa mafumbo na kwa vicheko, na wivu haukosi kusifiwa humo. Tofauti ni kwamba kwenye doluka kuna shangazi kando yako anayekunong'oneza maana na kukuambia yule jamaa anayeimbwa alimfanya nini mkewe. Chini ya shuka bwenini shangazi hayupo.

Sasa tunaomba wazazi mkumbuke kisa kimoja ambacho ustadh wetu alitusomea katika kikao chetu cha mwisho. Kimo katika Sahihi ya Bukhari. Barira alikuwa mjakazi, na mumewe, Mughith, alikuwa mtumwa. Barira alipopata uhuru alipewa hiari ya kubaki katika ndoa ile au kutoka, naye akatoka. Mughith alimpenda mno. Alikuwa akimfuata katika njia za Madina akilia mpaka machozi yakatiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) alimwonea huruma, akamwambia ami yake Abbas astaajabu namna huyu anavyopenda na yule asivyotaka, kisha akamwomba Barira amrudie mumewe. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kwamba hapana, ni maombezi tu. Basi akasema hana haja naye. Na mambo yakaishia hapo.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Mwanamke ambaye jana alikuwa mali ya mtu anaombwa na mbora wa viumbe, anakataa, na hakuna aliyemkemea. Machozi ya Mughith yalikuwa ya kweli, wala hakuna aliyeyacheka, lakini hayakumpa haki juu ya Barira. Tuna kisa hiki nyumbani miaka zaidi ya 1,400, na wasichana wetu wangapi wa S.3 wamekisikia? Tuliwauliza kumi na wawili katika darasa la Jumamosi. Mmoja alikisikia, na yeye ni binti wa imamu.

Tumekuwa mabubu majumbani. Wanazuoni wa zamani hawakuwa hivyo. Ibn Hazm wa Andalusia, mtaalamu mkubwa wa fiqhi, aliandika kitabu kizima juu ya mapenzi na dalili zake, kuvuja kwa siri zake na maumivu ya kutengana, yapata mwaka 1022. Mwana Kupona wa Pate, naye mgonjwa kitandani katikati ya karne ya 19, alimtungia bintiye utenzi juu ya ndoa na mwenendo wa mke. Mtu anaweza kubishana na baadhi ya mashauri yake, na binti zetu wasomi wanabishana nayo kweli kweli, lakini yule mama aliongea na mwanawe. Sisi tunamwambia binti maneno mawili, "haramu" na "soma", halafu tunashangaa amempata mwalimu mwingine.

Na tunajua bei ya ububu huu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Kila familia inayosoma ukurasa huu, iwe Oli, Dadamu, Koboko mjini au kule Oraba, inamjua msichana angalau mmoja ambaye hakurudi darasani milango ilipofunguliwa. Wengi wao hawakuwahi kushika riwaya yoyote. Hawakuharibiwa na kitabu. Waliharibiwa na mtu mzima aliyejua la kusema, wakati wao hawakufundishwa la kumjibu.

Kwa hiyo tunamwambia baba wa Koboko, kwa heshima zote, maana ni mtu wa msikitini na tunamjua: uamuzi wako haumwepushi binti na hadithi ile. Unamwingiza ndani yake. Kumtoa shuleni na kumwoza akiwa na miaka 16, kwa mtu aliyechaguliwa kwa hasira, akabebe mimba kabla mwili haujakomaa, ndicho kitabu cha nne chenyewe, bila fungate. Katiba ya nchi hii ya mwaka 1995 imeweka umri wa ndoa miaka 18. Na dini yetu kabla ya Katiba imemtaka walii amuulize mwanamwali ridhaa yake. Msichana anayeogopa fimbo hajaulizwa.

Tuongeze neno dogo kuhusu wavulana, maana tumeona hawatajwi kabisa katika kesi hii. Kaka wa binti huyu, kwa maelezo ya mama mwenyewe, hukaa kwenye kibanda cha video mpaka saa nne za usiku wakitafsiriwa filamu na VJ, na wanachoonyeshwa humo baadhi yetu tumekiona na hatutakiandika hapa. Hakuna aliyepekua godoro lake.

Basi wasome nini? Tumeulizwa swali hilo mara nyingi. Tunajibu kwanza kwamba vitabu vya aina hii havifanani. Dada wa IUIU alituonyesha After ya Anna Todd, iliyoanza mwaka 2013 kwenye Wattpad, ambako vijana husoma na kuandika hadithi kwenye simu. Humo kijana anamtendea msichana ubaya mkubwa, mpaka anaweka dau na rafiki zake juu ya ubikira wake, na bado msichana anamrudia tena na tena. Hicho tumekikataa wote watano, na sababu tumeziandika hapo juu. Twilight hatukukikataa. Tumesema kisomwe na mtu mzima kando, au angalau mtu mzima awe amekisoma.

Halafu viko ambavyo binti zetu hawajui kwamba vipo. Randa Abdel-Fattah, Mwaustralia wa asili ya Palestina, alitoa mwaka ule ule wa 2005 riwaya ya Does My Head Look Big in This?, juu ya msichana wa Melbourne anayeamua mwenyewe kuvaa hijabu shuleni. Inachekesha kweli. S. K. Ali wa Kanada alitoa Love from A to Z mwaka 2019, mapenzi ya vijana wawili Waislamu wanaokutana wakielekea Doha, na mvulana ana maradhi yasiyopona. Kabla ya hicho, mwaka 2017, aliandika Saints and Misfits, na hiki tunakitaja kwa makusudi. Msichana anashambuliwa na kijana ambaye jamaa nzima inamsifu kwa sababu amehifadhi Kurani. Kitabu kizima ni msichana huyo akijiuliza atamwambia nani, na nani atamsadiki. Baadhi ya wazazi watasema kinachafua jina la mahafidhi. Tumelijadili hilo mpaka Isha, na ustadh, ambaye ni hafidh, ndiye aliyesema kisomwe.

Na kwa Kiswahili, ambacho serikali iliamua Julai 2022 kifundishwe kwa lazima mashuleni, viko vya kutosha. Adili na Nduguze tumekwisha kukitaja. Kuna Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichochapishwa mwaka 1960. Mtu anakutwa ameuawa mahali pa mizimu, kila mtu anatetemeka, na Bwana Msa anakaa na kiko chake, anauliza maswali madogo madogo mpaka inajulikana kwamba aliyeua ana mikono na miguu kama sisi. Tumemwekea binti wa Koboko nakala moja. Tunadhani ataelewa haraka kuliko baba yake.

Kuna ndugu aliyetushauri tukusanye vitabu hivi vyote tuvichome moto. Alisema Kano walifanya hivyo. Ni kweli, mwaka 2007, wakati wa Gavana Shekarau, riwaya za mapenzi za Kihausa zilichomwa moto kwenye shule ya wasichana. Riwaya hizo ziliandikwa kwa wingi na wanawake Waislamu, na nyingi zilihusu mambo wanayoyaishi: ndoa za kulazimishwa, wake wenza, waume wasiohudumia. Balaraba Ramat Yakubu, mmoja wa waandishi wakubwa wa aina hiyo, mwenyewe aliozwa akiwa mtoto. Moto ulizimika na wanawake wakaendelea kuandika, na riwaya yake moja ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2012, ikasomwa mpaka nchi za mbali. Ndugu yetu alinyamaza, ingawa hatuna hakika kama alikubali.

Jumamosi iliyopita mama alikuja tena, safari hii na binti. Msichana mrefu, mpole, macho chini. Tulidhani atakuwa kimya. Hajati mkunga akamuuliza tu: "Wewe, yule Edward kutoa kile kifaa kwenye gari, ulionaje?" Akainua macho. Akatazama huku na huku, kana kwamba anahakikisha swali ni la kweli. Kisha akaongea kwa muda wa saa nzima. Alisema sehemu ile ilimkera, lakini katika bweni wenzake waliipenda mno hivyo aliihadithia vizuri. Alisema Jacob naye si mwema, alimbusu Bella kwa nguvu na watu wakacheka. Alisema angependa kuandika hadithi yake, yenye msichana wa Koboko na jini anayevuka mpaka bila vitambulisho. Tukacheka wote, na safari hii mama naye alicheka.

Mwalimu wa kundi letu alilipitia lile daftari la muhtasari. Anasema Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wengi wanaomaliza S.4.

Baba bado hajakubali. Amesema atawapokea wawili kati yetu nyumbani kwake Ijumaa baada ya swala, ustadh na Hajati, na akataka waje na kile kitabu. Muhula unafunguliwa Jumatatu inayofuata. Ada iliyobaki tumekwisha kuipigia hesabu, na robo yake imepatikana. Anayetaka kuongeza amwone mweka hazina wetu baada ya darsa. Wazazi wa Arua wanaotaka kuazima vitabu tulivyovitaja, waje Jumamosi baada ya Asr, na waje na watoto wao.